Fimbo Ilikuwa Fimbo

(Mazungumzo ya wakili mmoja mbele ya wenyeviti wa vitongoji, viongozi wa sungusungu, akina mama wa vikundi na madereva wa bodaboda mkoani Mwanza, katika Wiki ya Sheria. Yameandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa na kupunguzwa hapa na pale.)

Mwangaluka!

Mheshimiwa Mtendaji wa Kata, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wa bodaboda mliokubali kupoteza abiria wa asubuhi, itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika arobaini. Wakili akipewa dakika arobaini hula saa nzima, kwa hiyo mwenyekiti anikoholee nikizidisha.

Nianze na fimbo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa wakili mchanga, mahakama ilinipangia kumtetea kijana mmoja mchunga ng'ombe aliyeshtakiwa kumuua rafiki yake. Walikuwa kilabuni wanakunywa, likazuka suala la deni la shilingi elfu mbili. Pigo moja la kichwa. Rafiki akaanguka, akainuka, akajifuta vumbi, akatembea kwa miguu yake mpaka kwao, akalala. Asubuhi hakuamka.

Shahidi wa kwanza akala kiapo, akasema marehemu alipigwa kwa gongo. Wa pili akasema rungu. Wa tatu, mzee mwenye heshima zake, akasema "mti", na akaonyesha kwa mikono unene wa mti wenyewe. Ungedhani anaeleza nguzo ya umeme. Ndipo karani akaleta kielelezo, kimefungwa kikaratasi kwa uzi. Ilikuwa fimbo ya kuchungia, unene wa kidole gumba, imelainika pale mkono unaposhika. Nikamuuliza yule mzee: baba, ndiyo hii? Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Ndiyo hii, ila siku ile ilikuwa kubwa."

Watu walicheka. Jaji hakucheka, aliandika. Nimekuja kuwaeleza alichokuwa anaandika, kwa sababu kati ya gongo na fimbo ndipo ulipokuwa uhai wa yule kijana.

Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Bara (Zanzibar wana yao), kuua mtu isivyo halali kumekatwa kwanza mapande mawili. Kifungu cha 195 kinasema anayesababisha kifo cha mwenzake kwa kitendo kisicho halali, au kwa uzembe mkubwa wa kuacha jambo lililokuwa wajibu wake, ana kosa la kuua bila kukusudia. Kifungu cha 196 kinachukua maneno karibu yale yale na kuongeza kitu kimoja: nia ovu. Ikiwepo nia ovu, kosa linapanda ngazi, linakuwa kuua kwa kukusudia. Maiti ni ile ile na kilio ni kile kile. Kinachotenganisha makosa haya mawili kilikuwa kifuani mwa aliyeua, dakika ile alipokuwa anaua.

Na hapa nina ugomvi mdogo na Kiswahili chetu cha mahakamani. "Kukusudia" na "bila kukusudia" ni maneno mepesi, yanaingia masikioni vizuri, lakini yanadanganya mara mbili. Yupo mtu ambaye hakukusudia kabisa kuua, na bado atatiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Na yupo aliyekusudia kuua, akaua, na mahakama ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Naona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Tulia mzee wangu, tunafika.

Tumchukue huyo wa kwanza. Kifungu cha 200 ndicho kinachoeleza nia ovu ni nini, na kuna mambo manne humo. La kwanza ni kukusudia kuua, au, sikilizeni vizuri, kukusudia kumdhuru mtu vibaya. Sheria haikuishia kwenye kuua. Ukitaka kumvunja mtu miguu, ukamvunja, damu ikamwishia njiani akafa, umeua kwa kukusudia. Wangapi hapa wamewahi kusikia maneno haya: "Hatukutaka kumuua, tulitaka kumtia adabu tu"? Nimeyasikia kutoka kwa wanaume wazima wanalia mahabusu. Mwizi wa ng'ombe amekamatwa, amefungwa kamba, kiongozi amesema vunjeni magoti asikimbie tena. Wamevunja. Wameondoka wakiamini wameacha mtu hai, na kweli walimwacha hai. Alikufa alfajiri. Hawa wote, mbele ya kifungu cha 200, ni watu wenye nia ovu, ingawa wangeapa kwa mizimu yote ya ukoo kwamba kifo hakikuwa mpango wao.

Tena sheria inasema haijalishi aliyekufa ni yule uliyemkusudia au mwingine. Umelenga jirani yako kwa mshale, mtoto wake akakatiza, mshale ukampata mtoto. Huwezi kusema sikuwa na ugomvi na mtoto. Nia ilitoka kwako pamoja na mshale, ikafika ulipofika.

Jambo la pili ni kujua. Hutaki kuua, hutaki hata kudhuru, lakini unajua kabisa kitendo chako huenda kikaua au kuumiza vibaya, na hujali. La tatu ni kutaka kutenda kosa lingine ambalo adhabu yake inazidi miaka mitatu jela, ndiyo maana anayechoma nyumba "kuwatisha tu", kumbe kuna bibi amelala chumba cha uani, asije kushangaa. La nne ni kumsaidia mhalifu kutoroka. Hilo sitalikalia, kwenu ni nadra.

Swali ambalo kijana yeyote mwerevu ataniuliza ni hili: kifua cha mtu hakina dirisha, jaji anaona vipi kilichomo? Mahakama ya Rufani ilijibu katika rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, na jibu lile tunalinukuu mpaka leo kama sala. Mshtakiwa mara chache hutangaza nia yake, kwa hiyo tazama aliyoyafanya. Silaha ilikuwa ya aina gani na ukubwa gani. Alitumia nguvu kiasi gani. Alipiga sehemu ipi ya mwili. Mapigo yalikuwa mangapi, na yameacha majeraha ya namna gani. Alisema nini kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada yake. Alikuwa na mwenendo gani kabla, na akafanya nini baada ya pale.

Sasa jiulizeni, nani anayajua hayo? Daktari atasema jeraha. Polisi alifika saa nne baadaye. Aliyeona silaha na kuhesabu mapigo, aliyesikia maneno, ni wewe uliyekuwa umekaa kwenye benchi la kilabu na kata yako mkononi. Jaji hana macho mengine isipokuwa yako. Ukisema gongo wakati ilikuwa fimbo, umemwongezea mtu nia ambayo hakuwa nayo. Ukisema "alipigwa pigo moja" kumbe ulihesabu saba, ila mshtakiwa ni mjomba wako, umemfutia nia aliyokuwa nayo. Na watu wetu hawapambi kwa ubaya. Mtu amekufa, msiba ni mkubwa, kwa hiyo ulimi unaona haya kusema mtu mzima alikufa kwa kitu kidogo kama fimbo. Fimbo inakua kwa kadiri ya msiba.

Kuna kitu kingine kinachotuponza, nacho ni adabu zetu. Shahidi anaulizwa: marehemu alimwambia nini mshtakiwa? Anajibu: "Alimtukana matusi ya nguoni." Basi, amenyamaza. Wakili anamwomba ayataje. Anaangalia chini. Mbele ya jaji, mbele ya shemeji zake, ayataje vipi? Mheshimiwa, ni matusi tu. Na jaji anabaki na "matusi tu", neno ambalo halipimiki, wakati pengine tusi lenyewe ndilo lililokuwa kesi nzima.

Kwa nini lilikuwa kesi nzima? Kwa sababu ya yule mtu wa pili niliyewaahidi, anayeua huku anataka kuua na bado hahukumiwi kwa kuua kwa kukusudia. Ni mtu aliyechokozwa. Vifungu vya 201 na 202 vinasema kama kitendo au tusi la ghafla lingeweza kumpokonya mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia, na mshtakiwa akaua papo hapo akiwa katika ghadhabu ile, kabla damu haijapoa, kosa linashuka. Na mtu wa kawaida ni nani? Sheria inasema ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Mimi kipengele hicho nakipenda. Mwili wa sheria hii uliandikwa Queensland, Australia, na jaji aitwaye Samuel Griffith, ukawa sheria kule mwaka 1899, ukapita Nigeria, ukafika Tanganyika mwaka 1930. Imezunguka dunia kweli kweli. Lakini ilipofika hapa ililazimika kuuliza: tusi gani linamuumiza mtu wa hapa? Kuna maneno ambayo kijana wa Kariakoo atayacheka, lakini ukimwambia mzee wa Kwimba mbele ya wakwe zake, umemvua nguo. Jaji anayetoka mkoa mwingine atalijuaje hilo kama shahidi anaona haya kulitamka? Litamkeni. Mahakamani si kutukana, ni kutoa ushahidi.

Angalieni lakini neno "ghafla". Mume amerudi safari usiku, amemkuta mtu kitandani mwake, amechukua kilichokuwa karibu, amepiga. Huyo ana la kusema. Mume mwingine ameambiwa asubuhi, amekula mchana, jioni ameomba tupa kwa jirani, amenoa panga, amekaa njiani kusubiri. Huyu damu ilikuwa na siku nzima ya kupoa. Na tena, mwenye tupa ataitwa kuwa shahidi, ataulizwa: alikuja saa ngapi? Alikuwa anatetemeka au ametulia? Alinoa kwa muda gani?

Nije kwenye jambo ambalo mkoa huu na majirani zetu wa Shinyanga, Simiyu na Geita linatutia aibu. Bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni na samadi jikoni, wakitupikia sisi. Muuaji akikamatwa anasema alichokozwa, bibi alimroga mtoto wake. Hili lilishaamuliwa zamani, mwaka 1951, na iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika shauri lililotoka Uganda. Imani ya uchawi peke yake, hata iwe ya kweli kabisa moyoni mwa mtu, si uchokozi. Ingebidi pawe na kitendo cha ghafla kilichofanywa mbele ya macho yake, kikampandisha ghadhabu palepale. Mtu aliyemzika mtoto mwezi wa tatu, akaenda kwa mganga mwezi wa nne, akaambiwa "tazama upande wa mashariki wa nyumba yako", akamfuata bibi usiku wa mwezi wa tano, hana ghafla yoyote ya kuieleza. Na mganga mwenye ramli chonganishi asidhani yuko salama kwa kuwa hakushika panga. Kifungu cha 22 kinamweka anayeshawishi au kuagiza kosa litendwe pamoja na aliyelitenda, kizimba kimoja. Hapo ushahidi tena ni maneno. Alisema nini hasa? "Mashariki", au alitaja jina?

(Hapa mzee mmoja aliuliza kuhusu ulevi, na nikaona nimjibu palepale.)

Asante baba. Ulevi wa kujitakia si kinga. Huwezi kunywa pombe ya gongo, ukaua, halafu useme aliyeua ni pombe. Lakini kifungu cha 14 kinaruhusu jaji autazame ulevi anapopima kama mtu alikuwa na uwezo wa kujenga nia. Kwa hiyo "alikuwa amelewa" haitoshi. Alilewa vipi? Alikuwa anayumba? Alikuwa anatambua watu kwa majina? Alilipa deni lake la pombe na akahesabu chenji? Mtu anayehesabu chenji, jaji ataona akili yake ilikuwa nyumbani. Mgonjwa wa akili ni jambo tofauti, huyo hupelekwa taasisi ya wagonjwa wa akili ya Isanga kule Dodoma akachunguzwe, na madaktari wataandika.

Sasa vijana wa bodaboda. Nawapenda, mmenibeba mara nyingi, kwa hiyo niwaambie ukweli. Inapigwa kelele, "Mwizi! Mwizi!", na pikipiki ishirini zinageuka kwa pamoja. Mmoja anapiga teke, mwingine tofali. Mmoja anavua tairi bovu kwenye banda la fundi, mwingine anafyonza petroli kutoka kwenye tenki lake mwenyewe kwa mpira. Baadaye ukimuuliza kila mmoja, anakwambia, "Mimi nilirusha jiwe moja tu." Mawe arobaini, kila moja "moja tu". Kifungu cha 23 kinasema watu wakiungana kwa nia moja katika jambo lisilo halali, na kosa likatendeka ambalo ni matokeo ya kawaida ya jambo lile, kila mmoja anahesabiwa amelitenda. Hakuna anayehitaji kuthibitisha jiwe la nani lilivunja fuvu. Na aliyefyonza petroli, ambaye hakumgusa marehemu hata kwa kidole, yuko pabaya kuliko wengi, maana petroli haina maelezo mengine. Fimbo unaweza kusema ulitaka kuchapa. Petroli kwenye mtu aliyevishwa tairi ulitaka nini?

Ugomvi wa papo kwa papo, watu wawili wameshikana, hakuna aliyejiandaa, mmoja ameanguka akafa, mahakama zetu mara nyingi huona hilo ni kuua bila kukusudia. Mtu kujihami nako ni haki, hata kama kujihami huko kumeishia kwenye kifo, mathalani umevamiwa usiku na watu wenye mapanga, au mwanamke anabakwa. Hapo hakuna kosa. Ila nguvu ikizidi kipimo, mathalani jambazi ameanguka, panga limemtoka, amenyoosha mikono na wewe bado unakata, sheria inasema kifo kile ni kuua bila kukusudia. Kwa hiyo tena tunarudi kwa shahidi: lile pigo la mwisho lilipigwa panga la mwizi likiwa wapi?

Barabarani nipite haraka. Dereva aliyeua kwa kuendesha kwa hatari kwa kawaida hushtakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, siyo Kanuni ya Adhabu. Uzembe ukiwa mkubwa kupita kiasi, njia ya kifungu cha 195 iko wazi. Inatosha.

Kuna ubishi ambao hausikiki mahakamani tu, unasikika misibani: "Hakufa kwa panga, alikufa hospitali." Au, "Wangempeleka mapema angepona, ndugu zake ndio waliomuua kwa kumpeleka kwa mganga wa mitishamba." Kifungu cha 203 kinaukata ubishi huo. Umemjeruhi mtu, amefanyiwa upasuaji kwa nia njema na utaalamu wa kawaida, akafia mezani, umesababisha kifo. Angepona kama angepata matibabu sahihi, hakupata, bado umesababisha. Alikuwa mgonjwa wa kufa baada ya mwezi, ukamuwahisha leo, umesababisha. Umemtishia kwa panga akajitupa mtoni akazama, umesababisha. Kikomo kiko kwenye muda: kifo kisipotokea ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu kilichokisababisha, sheria haihesabu kwamba umeua. Hiyo siku moja ya nyongeza ni ya Waingereza wa kale, msiniulize.

Sasa nataka akina mama wanisikilize, na akina baba zaidi.

Anakamatwa binti. Amejifungua peke yake, chooni au shambani, na mtoto amekutwa amekufa. Kijiji kimejaa, watu wanataka kumpiga, hati ya mashtaka inaandikwa kuua kwa kukusudia. Lakini Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 199, na kinazungumza juu ya mwanamke tu. Mama akisababisha kifo cha mtoto wake mwenyewe aliye chini ya miezi kumi na miwili, na wakati ule akili yake ilikuwa imeyumba kwa kutopona bado athari za uzazi, basi kosa lake ni kuua mtoto mchanga, na anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Kenya wanacho hicho hicho katika sheria yao. Nimesimama katika mashauri ya namna hii, na ushahidi wa kuyumba akili kila mara ulikuwa kijijini, hakuna aliyeuleta. Mkunga wa jadi alijua binti hakulala siku nne. Mama mkwe alijua alikuwa anaongea peke yake na hataki kumshika mtoto. Dada yake alimkuta amekaa kwenye mvua. Walipoulizwa mahakamani walisema, "Alikuwa kawaida," kwa sababu kusema mtoto wa nyumba yako amechanganyikiwa ni aibu kwa ukoo. Kwa aibu hiyo walikuwa wanamsogeza binti kwenye kitanzi.

Maana tofauti hii haingoji hukumu. Inaanza siku ya kwanza kituoni. Kwa shtaka la kuua kwa kukusudia hakuna dhamana, iwe una mtoto anayenyonya, iwe una mashahidi mia. Unakaa rumande, unapelekwa mbele ya hakimu asiye na mamlaka ya kusikiliza shauri lako, unasikia "upelelezi bado haujakamilika", unarudishwa, unaletwa tena. Shtaka la kuua bila kukusudia linadhaminika. Halafu mwishoni, kwa kuua bila kukusudia jaji ana uwanja mpana. Anaweza kukupa kifungo cha maisha, anaweza kukuachia kwa masharti, na katikati ana miaka yote ya kuchagua. Kwa kuua kwa kukusudia, kifungu cha 197 kinamfunga mikono. Adhabu ni moja, kunyongwa hadi kufa, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito, na kwa aliyekuwa na umri chini ya miaka kumi na minane alipotenda kosa.

Najua mtasema hatunyongi. Kweli, hatujanyonga mtu tangu miaka ya katikati ya 1990, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba kusaini watu wanyongwe kunamwia vigumu. Lakini hukumu bado inasomwa, na aliyesomewa analala kila usiku akiwa mtu wa kunyongwa. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema adhabu hii inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasema haivunji. Uganda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017, mahakama zao za juu ziliwafungua majaji mikono: adhabu ya kifo ipo, lakini jaji halazimiki kuitoa. Sisi, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapo hapo Arusha, ilitamka mwaka 2019 kwamba kumlazimisha jaji kunavunja haki ya kuishi. Mimi nakubaliana nayo, na nasema hivyo nikiwa nimewahi kukaa upande wa familia ya marehemu pia. Watu wawili waliotofautiana kama yule aliyenoa panga akakaa njiani kusubiri na yule aliyevunja mguu wa mwizi hawapaswi kupata adhabu moja isiyo na mjadala.

Na fidia? Wazee mtaniambia familia zimekaa, ng'ombe wamelipwa, damu imesafishwa, mmekunywa pamoja. Ni jambo jema, endeleeni, linazuia kisasi. Lakini shauri la mauaji ni la Jamhuri. Ng'ombe hawaifuti hati ya mashtaka. Wakilipwa kabla ya hukumu wanaweza kumsaidia mtu katika kupunguziwa adhabu, basi.

Nimalizie shauri la fimbo, naona mwenyekiti ameanza kukohoa.

Shahidi wa mwisho wa Jamhuri alikuwa mama wa marehemu. Nilimwogopa. Mama aliyefiwa akisema gongo, nani atambishia? Wakili wa Serikali akamwuliza alichokijua juu ya mshtakiwa. Akasema, huyu mtoto alikuja kwangu asubuhi ile. Alikuja kabla ya watu. Akauliza mwenzake ameamkaje. Nikamwambia bado amelala. Akatoa mfukoni vidonge vya kichwa vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, akasema mpe, jana nilimuumiza. Nikaingia ndani kumwamsha.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema vidonge vilikuwa viwili, na anavyo nyumbani, hakujua avipeleke wapi.

Hakuna polisi aliyewahi kuviandika. Jaji aliandika ukurasa mzima. Yule kijana alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa, akatoka, na siku hizi anauza mitumba mnadani, tunasalimiana.

Maswali sasa. Tuanze na yule mama aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mtoto mchanga. Karibu, mama. Mpeni kipaza sauti.